Bobby (1973): mama anaililia, binti yangu anaicheka, mimi niko katikati

Binti Chumbageni (mwanzisha uzi)

Habarini wakuu. Najua hili litaniletea maneno, maana kwa watu wa Tanga wa rika la mama yangu, filamu ya Bobby haikosolewi. Ila leo nasema: nusu ya kwanza ya Bobby ni hadithi ya mapenzi ya ujana nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuona, na nusu ya pili ni filamu nyingine kabisa, ambayo ingetoka peke yake hakuna ambaye angeikumbuka.

Kwa vijana ambao hamuijui: ni filamu ya Kihindi ya 1973, kaitengeneza na kuiongoza Raj Kapoor, yuleyule wa Awaara ya 1951 ambayo babu zenu waliimba nyimbo zake bila kujua maana. Mwanawe, Rishi Kapoor, anaigiza Raja, mtoto wa tajiri aliyerudi kutoka shule ya bweni. Dimple Kapadia anaigiza Bobby Braganza, binti wa mvuvi Mkristo wa Goa. Kijana kapenda, baba kakataa, watoto wametoroka. Basi, hadithi ndiyo hiyo. Mkiiona mnaijua tayari, kwa sababu tamthilia zote za Kihindi zinazotiwa sauti ya Kiswahili siku hizi zimechota humo.

Mimi niliiona kwanza kwenye mkanda wa video, enzi za kukodi na kurudisha kabla ya saa nne asubuhi usije ukatozwa faini. Mama aliiona jumba la sinema la Majestic hapa Tanga, akiwa msichana wa shule. Sasa Jumapili iliyopita tumeiangalia vizazi vitatu kwenye kochi moja: mama, mimi, na binti yangu wa kidato cha nne ambaye alikubali kukaa kwa sharti la kushika simu yake.

Naanza na kizuri. Kuna pale Raja anapokwenda kumtafuta yaya aliyemlea, Bi Braganza. Anabisha hodi. Mlango unafunguka, na aliyeufungua si yaya, ni mjukuu wake. Alikuwa jikoni anakaanga, mikono imejaa unga. Anainua mkono kusukuma nywele zilizomwangukia usoni, na unga unabaki kwenye nywele, mwenyewe hana habari. Hakuna muziki wa kupasua masikio, hakuna upepo wa feni unaorusha shela. Kijana kasimama mlangoni hajui aangalie wapi. Raj Kapoor mwenyewe alikuwa akieleza kwamba ndivyo alivyomwona Nargis, mwigizaji mwenzake wa Awaara, kwa mara ya kwanza, na unaamini, maana kitu kama kile hakitungwi mezani. Mama alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama. Hata binti yangu aliinua kichwa kwenye simu.

Lakini mapumziko yakishapita! Mzee Nath, baba yake Raja, anamdhalilisha baba yake Bobby kwa jeuri ya pesa, sawa, hilo naliamini, wapo wa aina hiyo hapahapa mjini. Kisha analetwa msichana aitwaye Alka, kaigizwa na Farida Jalal. Ana ulemavu wa akili, baba yake ana mali, na Mzee Nath anataka kumuoza mwanawe huko kwa ajili ya biashara. Uovu wa mpango ni wa wazee wawili. Lakini anayefanywa kichekesho ni yule binti. Tunaalikwa tumcheke, tumwonee kinyaa, ili tumhurumie Raja. Mimi kwenye familia nina mtoto wa aina hiyo. Nilipokuwa mdogo nilicheka na wenzangu pale. Safari hii nilitamani kuzima tivii.

Halafu wanaingia majambazi, kuna zawadi ya pesa kwa atakayempata Raja, kuna kupigana, watoto wanajitosa kwenye maporomoko ya maji, mababa nao wanajitosa, kila mmoja anaopoa mtoto wa mwenzake, wanakumbatiana, mwisho. Binti yangu akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Mama, tangu wametoroka, huyu Bobby kaulizwa lini anataka nini?"

Bibi yake akamwambia anyamaze, asiharibu.

Wadau mlioiona Majestic, na mlioiona kwenye mikanda, njooni. Nusu ya pili inateteeka?

---

Ngamiani Barabara ya 12

Naweka kambi hapa. Naleta mkeka na kahawa.

---

Kijana wa Makorora

Dada, umenifanya niitafute. Karibu saa tatu! Wakuu, mlikuwa mnaishi vipi? Ndani ya saa tatu mimi nimeshabeba abiria Makorora, Bombo, stendi na nimerudi.

Ila kuna kitu kimenishika: ile pikipiki ndogo anayoendesha Raja. Nimeuliza uliza, kumbe ni Rajdoot GTS 175, na India mpaka leo watu wanaiita Bobby kwa sababu ya filamu hii. Chombo kifupi, tairi ndogo, abiria hana pa kushika ila kukushika wewe. Nusu ya pili ningeivumilia kama wangeendelea kunionyesha pikipiki.

---

Mzee wa Raskazone

Binti, umeandika vizuri, lakini umeandika kama mtu aliyeiona sebuleni.

Kumbuka wakati wenyewe. Televisheni Zanzibar imeanza 1973 hiyohiyo, na sisi huku bara tukaja kuipata 1994. Kwa hiyo sinema haikuwa burudani mojawapo, ndiyo ilikuwa burudani. Jumapili ni siku ya filamu ya Kihindi, familia nzima inatoka: Wahindi, Waarabu, Waswahili, watoto wamevalishwa nguo za Idi. Tiketi zikiisha dirishani unazikuta kwa walanguzi nje, bei wanayotaka wao. Bobby ilipofika Tanga, nakwambia kuna walanguzi walijenga.

Na sisi vijana tulikuwa tumebanwa. Operesheni Vijana ilikuwa imeanza 1 Januari 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ukapiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na vitu kama hivyo. Ilianzia Dar, lakini hofu yake ilifika kila mji. Sasa fikiria: nje kuna mtu anaweza kukukagua suruali, ukiingia Majestic Rishi Kapoor anavaa anavyotaka na dunia haianguki. Baadaye kidogo bugaluu, suruali pana chini, na raizoni, viatu vya soli nene, zikashika mji, na mafundi cherehani wa Ngamiani wakajua picha ya Rishi kuliko walivyojua picha za watoto wao. Wasichana nao wakapeleka kitambaa cha madoadoa, "nishonee blauzi ya Bobby." Fundi hakuhitaji kuchukua maelezo.

Kuhusu nusu ya pili. Nyie mnaangalia kwa kusimamisha na kurudisha nyuma. Sisi tuliangalia tukiwa ukumbi mzima. Prem Chopra, yule jambazi, anatokea, anajitambulisha kwa jina lake mwenyewe la kweli, sentensi moja fupi, na ukumbi unaipokea kabla hajaimaliza. Kihindi hatukijui lakini ile tuliijua. Ukiondoa jambazi umewaonea waliokaa viti vya mbele, na wao ndio walipiga foleni tangu adhuhuri.

Jambo moja hamlisemi. Majumba yalitaifishwa 1971. Wahindi wengi wa mji huu wakaanza kufunga mizigo, huyu Uingereza, huyu Kanada. Rafiki yangu niliyekaa naye kiti kwa kiti kwenye Bobby, ndiye aliyekuwa akinitafsiria sikioni. Mwaka uliofuata duka lao lilikuwa na jina jingine. Kwa hiyo ukiniambia nitenganishe ubora wa filamu na mengine, sina kisu cha kutenganishia.

---

Binti Chumbageni

Mzee wangu shikamoo. Hapo kwa rafiki yako umeninyamazisha. Kwa Prem Chopra hujaninyamazisha.

---

Mzee wa Raskazone

Marahaba. Tutafika.

---

Mwalimu wa Pangani

Nimesoma nikiwa nasahihisha madaftari, nikaacha. Naomba niweke jambo ambalo mashabiki wa Bobby hulipita haraka.

Filamu inapiga kelele kutwa nzima kwamba vijana waachwe wachague. Nyuma ya kamera ilikuwaje? Raj Kapoor alikuwa ametoka kuanguka vibaya. Mera Naam Joker ya 1970, filamu ndefu aliyoweka humo kila alichonacho, ilikataliwa na watazamaji, ikamwachia madeni. Rishi alisimulia baadaye kwamba baba yake hakuwa na pesa za kumlipa nyota mkubwa wa wakati ule, Rajesh Khanna, ndiyo akaamua kuwatumia vijana. Sawa. Dimple Kapadia alizaliwa Juni 1957. Machi 1973, kabla filamu haijatoka, aliolewa. Na nani? Na huyohuyo Rajesh Khanna, mwanaume wa miaka 30. Hesabu wenyewe umri wa bibi harusi. Filamu ikatoka Septemba, nchi nzima ikampenda binti aliyekuwa tayari ameshatolewa kwenye sinema akakae nyumbani. Walitengana 1982, na tulipomwona tena kwa kishindo ilikuwa 1985, kwenye Saagar, na Rishi huyohuyo.

Sisemi hivyo ili kumchongea marehemu. Nasema kwa sababu nafundisha wasichana wa umri ule. Na kwetu Sheria ya Ndoa ya 1971, miaka miwili tu kabla ya Bobby, iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, mvulana asubiri 18. Ikabidi tufike 2016 ndipo Mahakama Kuu iseme vifungu vile vinakwenda kinyume na Katiba, na 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Kwa hiyo mama zetu walikuwa wanatoka Majestic wanaimba uhuru wa moyo, wanarudi kwenye nyumba ambazo posa yaweza kuwa imeshaletwa.

Mwanao kauliza swali la kweli, Binti Chumbageni. Bobby nusu ya kwanza anajibu, anakasirika, anamtania Raja, anamkatalia. Nusu ya pili anabebwa. Na kamera nayo, tuseme ukweli, kuna mahali inamtazama mtoto yule kwa jicho linalonikera sasa kuliko lilivyonikera nilipokuwa rika lake.

Lakini pia nitasema hili, na msinisute. Nikiwa peke yangu jikoni, nyimbo ni zile.

---

Ngamiani Barabara ya 12

Mwalimu kaua.

---

Fundi Gambusi

Mmekuja kwenye uwanja wangu. Nyimbo.

Kabla ya Bobby, Raj Kapoor alikuwa mtu wa Shankar na Jaikishan, watunzi wa muziki. Jaikishan alifariki 1971. Kwenye Bobby akawachukua Laxmikant na Pyarelal, maneno ya nyimbo nyingi yakaandikwa na Anand Bakshi, na badala ya sauti za kiume zilizozoeleka akamchukua kijana Shailendra Singh amwimbie Rishi. Ndiyo maana filamu inasikika changa. Sauti ya Shailendra haijakomaa, ina kijasho cha mtu anayejaribu, na inamfaa Raja kuliko ambavyo sauti kubwa ya mkongwe ingemfaa. Upande wa pili yupo Lata Mangeshkar, alikuwa na miaka zaidi ya arobaini, anamwimbia msichana wa miaka kumi na sita, na hushituki hata kidogo. Sielewi alikuwa anafanyaje.

Ule wimbo wa chumba kilichofungwa na ufunguo uliopotea, sikilizeni tena bila picha. Wanacheza na hofu: kukatokea hiki je, kukatokea kile je. Ni utani wa watoto wanaojifunza kuogopa pamoja. Mazungumzo yote ya filamu hayafiki pale.

Tanga wakati ule mnajua palikuwaje. Mji huu ulikuwa na vikundi vya taarab, Black Star na Lucky Star, ulikuwa na sauti ya mwimbaji Shakila. Taarab yetu ilikuwa imeshaweka gitaa na besi, na kuchukua mahadhi ya Kihindi ukayavisha maneno ya Kiswahili lilikuwa jambo la kawaida, hakuna aliyeita wizi. Filamu ikiingia wiki hii, wiki inayofuata kwenye harusi ushasikia mahadhi yake na maneno ya mafumbo ya kwetu. Kwa hiyo nyimbo za Bobby wengi waliziingiza masikioni kwa mlango huo, wakaja kuona picha baadaye.

Hoja yangu kwako mwanzisha uzi: nusu ya pili imeanguka kwa sababu nyimbo zimepungua. Filamu ile ilikuwa inatembelea nyimbo. Zikipungua inabaki na hadithi, na hadithi yenyewe haikuwahi kuwa na miguu.

---

Kijana wa Makorora

Fundi hapo umeongea. Mimi ule wimbo wa ufunguo nimeufanya mlio wa simu, abiria wanawake wa umri wa kwenda juu wakiusikia wananiongezea mia tano.

---

Pwani ya Mkinga

Wakuu, mimi nina jambo moja linanitatiza na sioni mtu kaligusa. Raja ni Mhindu. Bobby ni Mkristo, msalaba upo ukutani. Na kwenye filamu nzima ugomvi wa Mzee Nath ni nini? Pesa. Mvuvi. Mjukuu wa yaya. Dini inapitwa kama haipo. Kuna wimbo alioimba Narendra Chanchal unaosema bora uvunje hekalu na msikiti kuliko kuvunja moyo unaopenda, na hapo ndipo karibu kila kitu kuhusu dini kinapoishia.

Sasa mhamishie Raja na Bobby hapa Tanga. Mvulana wa Ngamiani anampenda binti wa Chumbageni wa dini nyingine. Nani ataulizia mali? Swali la kwanza, kabla mshenga hajakaa vizuri, ni nani atabadili. Pesa itakuja kuulizwa siku ya tatu. Mimi nilipitia hayo na mke wangu, tumeshaoana sasa, tuna watoto, na shangazi mmoja bado haleti mguu nyumbani kwangu. Mvuvi nilikuwa mimi, na uvuvi wala haukuwa tatizo.

Kwa hiyo nikiiangalia Bobby najisikia vitu viwili kwa mpigo. Nafurahi kwamba kuna mtu 1973 aliweka kwenye skrini watu wa dini mbili wakaoana na hakuna aliyechoma nyumba. Na nakasirika kwamba alirukia mahali pagumu kuliko pote akajifanya hakuna kitu. Kumgombanisha tajiri na maskini ni rahisi, ukumbi wote uko upande wa maskini. Angegombanisha lile jingine, ukumbi ungegawanyika katikati.

---

Mwalimu wa Pangani

Pwani ya Mkinga, huu mchango wako ndio uzi wenyewe. Pole kwa shangazi.

---

Pwani ya Mkinga

Asante mwalimu. Samaki anakula, tunampelekea kwa mtoto. Mlangoni tu haingii.

---

Mzee wa Raskazone

Mkinga, nakubali, na nakukatalia kidogo. Raj Kapoor alikuwa na deni shingoni. Mtu mwenye deni hagawi ukumbi katikati. Alitaka kila mtu anunue tiketi, na walinunua, mpaka Urusi huko iliangaliwa na watu mamilioni kwa makumi. Filamu ya kulipa deni ukiidai ujasiri wa aina hiyo unaionea.

Hata hivyo aliweka kitu. Mvuvi Jack, alivyoigizwa na Prem Nath: analewa, anacheza, anaimba kwamba hataki dhahabu wala fedha, na tajiri anapomtukana anamrudishia neno kwa neno. Mwaka ule, mtu wa kazi ya mikono kumjibu bwana mwenye gari mbele ya watu wote, Majestic ilipigwa makofi ambayo kwa jambazi hayakupigwa. Sisi tulikuwa na Azimio la Arusha tangu 1967, kila siku redioni kabaila na bepari. Tukaona kabaila anajibiwa kwa Kihindi. Mkoa wenyewe wa mkonge huu, watu walikuwa wametoka kwenye makambi ya mashamba, baba zao wameitwa "boi" hadi uzeeni. Usidhani tulikuwa tunaangalia mapenzi tu.

---

Binti Chumbageni

Mzee, hilo la Jack nakupa lote. Na ni kweli liko mapumziko yakishapita, kwa hiyo umenibomolea hoja yangu robo. Lakini Alka? Nani wa kumtetea Alka? Mkinga kaleta dini, wewe umemtetea mvuvi na jambazi, Fundi kazitetea nyimbo, Makorora pikipiki.

---

Fundi Gambusi

Alka hana wimbo. Kwenye filamu ya Raj Kapoor, asiye na wimbo huyo hapendwi.

---

Mzee wa Raskazone

Alka simtetei. Tulicheka. Ukumbi mzima ulicheka, na waliokuja na ndugu zao wa hali ile walikuwamo humohumo ndani.

---

Kijana wa Makorora

Swali la kipumbavu: kama nusu ya pili ni mbaya hivyo, mbona wamama wote wa Tanga wanaijua filamu nzima na kuililia? Bibi yangu ukimtajia Bobby anaanza kutafuta leso.

---

Binti Chumbageni

Makorora, si la kipumbavu. Nimemsomea mama michango yenu yote jioni hii, na alipofika kwenye swali lako akacheka mpaka akakohoa. Naandika alivyosema, kwa ruhusa yake.

Anasema mwambieni huyo mzee wa Raskazone kwamba wasichana hawakuwa na mtafsiri wala hawakuwa na saa tatu. Babu yangu alikuwa akienda msikitini Isha, akitoka anapita barazani kunywa kahawa, kisha anarudi nyumbani. Akifika lazima amkute binti yake yupo. Kwa hiyo yeye na wenzake waliingia Majestic onyesho la jioni, taa za mapumziko zikiwaka wanavuta mabuibui, wanatoka kama wanakwenda kununua ubuyu, na hawarudi. Wanakata kichochoroni hadi Ngamiani. Waliirudia Bobby kadiri hela ya kula shuleni ilivyoruhusu, na kila mara waliondoka palepale. Nusu ya kwanza aliijua kwa moyo, nyimbo, nguo, nani kakaa wapi. Nusu ya pili hakuwahi kuiona hata chembe.

Nikamuuliza: sasa mwisho ulijuaje? Akasema shuleni kulikuwa na mwenzao mmoja ambaye kaka yake alikuwa anamsindikiza, yeye anakaa mpaka mwisho. Jumatatu wanamzunguka, anawasimulia. Na huyo dada aliwaambia Bobby kafa maji. Kajitosa, kazama, Raja kabaki ufukweni na kile kitambaa cha madoadoa mkononi. Wakalia darasa zima, mwalimu akadhani kuna msiba.

Mama aliamini hivyo mpaka miaka ya tisini tulipokodi mkanda. Nakumbuka ile siku, ila sikuwa najua sababu: mababa walipowaopoa watoto na kukumbatiana, mama alisimama akasema, "Huu mkanda wamechakachua, rudisheni," na akanituma kweli nikaurudishe.

---

Ngamiani Barabara ya 12

😂😂😂 Mkeka umeloa.

---

Mwalimu wa Pangani

Ina maana kuna kizazi kizima cha wanawake wa Tanga kinachopenda filamu ambayo haina Alka, haina majambazi, na haina mababa wanaopatana. Mwanzisha uzi, mama yako anakuunga mkono tangu kabla hujazaliwa.

---

Binti Chumbageni

Nimemwambia hivyohivyo. Anasema haniungi mkono wala nini, mimi nimeikosoa na yeye hajaikosoa.

---

Fundi Gambusi

Na toleo la yule dada ni bora. Raja ufukweni na kitambaa, hapo unaingiza wimbo mmoja wa Lata wa polepole, umemaliza.

---

Kijana wa Makorora

Mimi napiga kura kwa Bobby apone. Abaki na pikipiki.

---

Mzee wa Raskazone

Ngoja kwanza. Mimi nilikuwa nawasindikiza dada zangu wawili Majestic miaka ile, na mmoja wao alikuwa muongo mashuhuri. Binti, mama yako amesema huyo msimuliaji anaitwa nani?

---

Binti Chumbageni

Mzee wangu, jina amenitajia, na anasema huyo dada yuko hai, ana wajukuu, na kaka yake alikuwa anasinzia tangu mapumziko. Jina sikupi.